Mkono Uliovunjika wa Kanazawa: Stori Tunayoisimulia Nusu

Kuna stori moja ambayo ukikaa kwa dojo ya karate muda wa kutosha lazima utaisikia. Inaenda hivi. Mjapani mmoja alivunjika mkono siku chache kabla ya mashindano makubwa kabisa. Daktari akamwambia asijaribu. Yeye akaingia na mkono huohuo, akapigana raundi baada ya raundi, akatoka bingwa wa Japani. Basi. Halafu anayekusimulia anakuangalia machoni na kuuliza: wewe nawe, kisingizio chako ni gani?

Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka 17, fomu tatu, mkanda wa kijani, kwenye ukumbi wa mtaani kwetu hapa Eastlands. Sakafu ya simiti, mati chache za kugawana, na upande wa pili wa ukuta kuna kwaya inafanya mazoezi yake. Nilikuwa nimeanguka vibaya siku sita kabla ya mashindano na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimefura kama andazi. Nikamwambia kocha mmoja, kijana tu aliyekuwa akitusaidia kufundisha, kwamba sidhani nitaweza. Akanipa hiyo stori. "Kanazawa alipigana na mkono umevunjika. Wako umefura tu."

Nikapigana. Pambano la kwanza nilishinda kwa teke na nikajiona Kanazawa wa Eastlands. Pambano la pili nikakinga ngumi kwa ule mkono mbovu, na niliskia kitu kikisema ka! ndani ya mwili wangu kabla hata sijaskia uchungu. Plasta wiki sita. Baada ya hapo nilienda kufanyiwa mazoezi ya mkono miezi mitatu. Mitihani ya muhula huo niliandika na mkono wa kushoto, na mwalimu wa Kiswahili akaniuliza kama karatasi imepitiwa na kuku. Mpaka leo, asubuhi za baridi, siwezi kukunja hii ngumi mpaka mwisho.

Niliacha karate miaka miwili. Sikuwa na hasira na kocha sana, maana naye alikuwa na miaka 22 na stori hiyo aliipata kwa mtu mwingine, ambaye pia aliipata kwa mwingine. Hasira yangu ilikuwa kwa huyo Kanazawa. Nilitaka kujua ni nani huyu mtu ambaye siku moja ya maisha yake huko Tokyo iliweza kunivunja mimi mkono Nairobi. Kwa hivyo nikaanza kusoma. Na wasee, niwaambie ukweli: stori tunayopewa ni ukurasa mmoja uliochanwa kwenye kitabu kikubwa.

Tuanze mwanzo. Hirokazu Kanazawa alizaliwa mwaka wa 1931 huko Iwate, kaskazini mwa Japani, upande wa bahari. Alipokuwa kijana alicheza judo kwanza. Karate aliingia nayo kabisa alipofika Chuo Kikuu cha Takushoku, Tokyo. Hiki chuo kilikuwa na klabu ya karate iliyoogopwa, na mwalimu mkuu alikuwa Masatoshi Nakayama. Juu ya Nakayama alikuwa mzee mwenyewe, Gichin Funakoshi, yule tunayemwinamia kwenye picha ukutani kila darasa likianza na likiisha.

Funakoshi lazima tumweke kwenye hii hesabu, kwa sababu bila yeye hiyo siku ya mkono uliovunjika haieleweki. Alizaliwa mwaka wa 1868 kisiwani Okinawa. Kazi yake ilikuwa ualimu wa shule ya msingi. Si mwanajeshi, si bondia, ni ticha wa kuandika ubaoni. Mwaka wa 1922 alienda Tokyo kuonyesha karate, akakaa, akaanza kufundisha. Na huyu mzee hakupenda mashindano. Kwake karate ilikuwa ya kumtengeneza mtu: unafanya kata, yaani ule mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa, unarudia mara elfu, unajirekebisha. Mambo ya kupeana pointi na medali aliyaona ni ya kupoteza njia. Kanuni yake moja maarufu ni kwamba karate haianzi kwa shambulio. Ndiyo maana kata zetu nyingi zinaanza kwa kukinga.

Funakoshi alifariki tarehe 26 Aprili 1957, akiwa na miaka 88. Na mwaka huohuo, miezi michache baadaye, Chama cha Karate cha Japani, kile tunachokiita JKA, kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Unaona hapo? Mzee aliyekuwa hataki mashindano anazikwa, na kabla mwaka haujaisha, mashindano yanaanza. Mimi siwalaumu. Nchi ilikuwa imetoka vitani miaka 12 tu iliyopita, vijana walitaka kujipima, na karate ikibaki kwa kumbi za vyuo tu hakuna mtu nje angeijua. Lakini elewa kwamba siku Kanazawa anaingia pale na mkono wake mbovu, hakuna aliyejua hata hayo mashindano yatakuwa kitu gani. Hakukuwa na jina la bingwa kabla yake. Yeye ndiye wa kwanza.

Sasa, mkono wenyewe. Ni kweli ulikuwa umevunjika. Ni kweli daktari alimkataza. Na inasimuliwa kwamba alikuwa tayari amekubali kujitoa, kisha mama yake akafika Tokyo. Alikuwa amesafiri kutoka nyumbani kuja kumtazama mwanawe. Kijana akamwelezea kuhusu mkono. Mama akamuuliza kitu rahisi sana: kwani karate ni mkono mmoja tu? Si una mkono mwingine, na miguu miwili?

Hapa ndipo ile stori yetu inakatwa. Kwenye dojo yetu mama hayuko kabisa. Anabaki mwanaume, mfupa na uchungu. Lakini swali la mama ndilo stori yote. Hakumwambia asiskie uchungu. Hakumwambia mkono uko sawa. Alimwambia ahesabu alichobakiwa nacho. Ni swali la mtu anayejua kupika chakula cha watu sita na unga wa watu wanne.

Na Kanazawa alikuwa na cha kuhesabu. Alikuwa na miaka 26. Alikuwa ametoka kwenye kozi ya walimu ya JKA, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuimaliza, ambapo kazi yako ya kila siku ni karate asubuhi hadi jioni. Miguu yake ilikuwa silaha. Mkono wake wa pili ulikuwa silaha. Kulinganisha hiyo na mimi, mkanda wa kijani, mazoezi mara tatu kwa wiki baada ya shule, ni kama kumwambia mtoto aliyejifunza kuogelea jana kwamba kuna mtu alivuka bahari na mguu mmoja.

Kuna kitu kingine ambacho hatusemi. Sheria za siku hizo, na za Shotokan nyingi hadi leo, ni kwamba pigo linasimamishwa. Unarusha ngumi kwa nguvu zako zote na unaizuia kabla haijamfikia mtu. Refa anaangalia kama lingeingia lingemaliza kazi. Likiwa safi kabisa unapata ippon, pointi kamili, na pambano limeisha hapo. Kwa hivyo kinachopimwa si nani anavumilia kupigwa zaidi. Kinachopimwa ni nani anaweza kufika na akasimama. Ndiyo, watu waliumia, na wakati mwingine sana, maana binadamu hana breki za gari. Lakini wazo lenyewe ni la kujizuia. Ukitoa hilo, unabaki na vita vya mtaani vilivyovaa nguo nyeupe.

Sitaki kumfanya malaika. Alipinga daktari na akapigana. Angeweza kuharibu huo mkono milele, na tusingekuwa tunamtaja leo. Na hapo ndipo shida yangu kubwa na hizi stori za motivesheni ilipo. Tunasikia tu za walioshinda. Kwa kila Kanazawa mmoja kuna wangapi walioingia na mkono mbovu, wakatoka na mkono mbovu zaidi, wakaenda nyumbani, na hakuna aliyewaandikia chochote? Hao hawana picha ukutani. Mmoja wao ndiye anayeandika hapa.

Na sisi Wakenya tusijifanye hatujui haya mambo yanaweza kufika wapi. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka wa 1988. Mwaka wa 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake kwenye raundi ya tisa, na Wangila alilalamika kwamba yuko sawa, anaweza kuendelea. Alianguka baadaye kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na siku mbili baada ya pambano alikuwa amefariki. Alikuwa na miaka 26. Ndondi si karate, najua, na kule mapigo hayasimamishwi. Lakini moyo wa kusema "niko sawa" ni mmoja. Wangila alikuwa na huo moyo kuliko sisi wote. Haukumsaidia. Kwa hivyo mtu akikuambia tofauti ya bingwa na wewe ni moyo tu, muulize moyo wa Wangila ulipungua wapi.

Turudi kwa Kanazawa, kwa sababu maisha yake hayakuisha 1957, ingawa sisi tunamwacha hapo.

Mwaka wa 1958 alirudi kwenye mashindano hayohayo. Safari hii mkono ulikuwa mzima. Akashinda upande wa kata. Upande wa kumite, yaani kupigana, akafika fainali, na aliyemkuta huko ni Takayuki Mikami. Hawa wawili walikuwa wamepita kozi moja ya walimu. Walikuwa wanajuana kama wewe unavyojua hatua za mtu mliyelala naye bweni moja miaka minne. Kila mmoja alijua mwenzake akisogeza bega hivi, teke linatoka wapi. Basi wakasimama wanaangaliana. Wakazungukana. Mapigo yakawa machache mno. Muda ukaisha, ukaongezwa, ukaisha tena. Mwishowe wakubwa wakaamua: wote wawili ni mabingwa.

Fikiria hiyo vidio ingekuwa ya leo. Watu wangesema imeboo. Hakuna damu, hakuna mtu amelala chini, hakuna klipu ya sekunde 15. Lakini mimi nikisoma hiyo fainali ndipo nilipoanza kumpenda huyu mtu. Watu wawili wako tayari kiasi kwamba yeyote akianza anajifungua. Ile kanuni ya mzee Funakoshi, ya kutoanza kwa shambulio, imefika fainali ya mashindano ambayo mzee mwenyewe hakuyataka. Kwa nini hakuna kocha anayewasimulia watoto fainali ya 1958? Kwa sababu haimshurutishi mtu kufanya kitu. Huwezi kuitumia kumsukuma mtoto mwenye kifundo kilichofura.

Hayo ndiyo mataji yake makubwa: 1957 na 1958. Miaka miwili. Jamaa alikuwa bingwa akiwa na miaka 26 na 27, na aliishi mpaka 88. Hesabu mwenyewe miaka iliyobaki. Alifanya nini nayo?

Alifundisha.

Mwaka wa 1961 alitumwa Hawaii kufungua njia huko. Mwaka wa 1965 JKA ikatuma walimu wanne kuzunguka dunia kuonyesha karate: Taiji Kase, Keinosuke Enoeda, Hiroshi Shirai, na yeye Kanazawa. Hao wanne ukiwafuatilia ni kama mbegu zimetupwa shambani. Kase aliishia Paris. Shirai akakaa Milano. Enoeda akabaki Uingereza na kufundisha huko mpaka alipofariki mwaka wa 2003. Kanazawa naye alianzia Uingereza, kisha akafundisha Ujerumani, na baada ya hapo ikawa ni kuzunguka tu, nchi baada ya nchi, miaka na miaka.

Fikiria hiyo kazi. Umekuwa bingwa wa taifa mara mbili. Sasa uko London kwenye ukumbi wenye baridi, lugha hujaishika vizuri, mbele yako kuna wanaume wakubwa wanaotaka kujua kama hii kitu ya Kijapani inafanya kazi kweli. Na unaanza na nini? Unaanza na hatua. Simama hivi. Goti mbele. Kisigino chini. Ngumi, moja. Tena. Ngumi, mbili. Unasema hilo leo, kesho, na miaka 30 ijayo, na kila mara mbele yako kuna mtu anayelifanya vibaya kwa mara ya kwanza. Kata ya kwanza kabisa ya Shotokan, Heian Shodan, ina hesabu 21. Mtu kama Kanazawa aliziangalia hizo 21 mara ngapi maishani? Hakuna anayepiga makofi kwa hiyo kazi. Na bila hiyo kazi, hakuna karate Eastlands.

Hapo nataka uelewe vizuri. Ukiingia kwenye dojo ya Shotokan hapa Nairobi leo, ukute watoto wa mama mboga na watoto wa mhasibu wamepanga laini, wanahesabu ichi, ni, san kwa lafudhi ya Buruburu, hicho si kitu kilichokuja na medali ya mtu. Medali ilibaki Japani. Kilichosafiri ni ufundishaji, mkono kwa mkono, mwalimu akimrekebisha mwanafunzi kiwiko, na mwanafunzi akienda kumrekebisha mwingine. Mabingwa wa karate wamekuwa wengi sana tangu 1957. Walioibeba mpaka ikafika kwa watu wasiojua hata Iwate iko wapi ni wachache.

Kuna jambo lingine lilinishangaza. Huyu mtu ambaye tunamtumia kama alama ya ugumu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akijifunza ulaini. Alifundishwa tai chi na mwalimu wa Kichina aliyekuwa Japani, Yang Ming-shi, na aliendelea nayo miaka yote. Umeona tai chi? Ni zile hatua za polepole ambazo wazee hufanya bustanini kule China. Bingwa wa ngumi anafanya hiyo! Na watu waliofundishwa naye wanataja sana jambo hilo: jinsi mwili wake ulivyotulia, jinsi nguvu ilivyotoka bila kujikaza. Kwa hivyo kama kweli unataka kumuiga Kanazawa, anza kwa kupumua polepole. Lakini hiyo nayo haiuzi, ama?

Maisha yake hayakuwa laini kila mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 njia yake na JKA ziliachana. Mwaka wa 1978 alianzisha shirika lake mwenyewe, SKIF, akiwa na miaka 47. Sisi tunapenda kuona dunia ya karate kama watu wanaoinamiana kwa heshima, lakini ina siasa kama chama cha matatu. Vyama vinagawanyika, mabango yanabadilishwa, watu waliofua gi pamoja hawaongei. Yeye alianza upya katika umri ambao wengi wanafikiria kustaafu. Na alianza upya na nini? Kitu kilekile. Kisigino chini. Ngumi, moja. Aliendelea kufundisha mpaka uzeeni, akafika dan ya 10, na shirika hilo liko hadi leo, likiongozwa na mwanawe Nobuaki.

Alifariki tarehe 8 Desemba 2019, akiwa na miaka 88. Umri uleule wa Funakoshi. Na kumbuka ilikuwa imebaki miezi tu karate iingie Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia, tena Tokyo, mji ambao yote haya yalianzia. Korona ikasukuma michezo hiyo mpaka 2021.

Na wacha niwakumbushe jinsi hiyo Olimpiki ilivyoisha, maana inarudi palepale. Tarehe 7 Agosti 2021, fainali ya uzito wa zaidi ya kilo 75, ukumbi wa Nippon Budokan. Tareg Hamedi wa Saudia anaongoza 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Irani. Hamedi anarusha teke la juu, linampata mwenzake kichwani, Ganjzadeh anaenda chini, anazimika, anabebwa kwa machela. Kwenye filamu hapo ndipo muziki unaingia na Hamedi anainua mikono. Kwenye karate waamuzi walikutana na wakamtoa Hamedi kwa kutojizuia. Dhahabu ikaenda kwa mtu aliyekuwa amelala. Mtandaoni watu walicheka wiki nzima. Wakasema huo mchezo ni wa ajabu, na hata haukuwepo tena Paris 2024.

Kusema kweli, nilimhurumia Hamedi. Lile teke lilikuwa teke la maisha yake, na alilia mbele ya dunia nzima. Lakini mimi nikiwa nimekaa kwa kochi na mkono wangu usiokunja vizuri, nilielewa waamuzi. Mchezo huu uliahidi kitu kimoja: kwamba utafika na utasimama. Ukiacha hiyo ahadi kwa sababu teke lilikuwa tamu, umebaki na nini? Mwaka wa 1958 watu wawili hawakupiga, na wote wakawa mabingwa. Mwaka wa 2021 mtu mmoja alipiga kuliko wote, akakosa. Mtu anaweza kucheka, lakini hiyo ni lugha moja inayozungumzwa miaka 63.

Nilirudi dojo mwaka jana. Mamangu alinuna kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinifungia vifungo vya sare ya shule zile wiki sita. Aliniuliza tu, "Na wakikuambia upigane tena ukiwa mgonjwa?" Nikamwambia nitakataa. Akasema, "Mkatalie na yule mwingine." Nikauliza mwingine gani. "Huyo aliye ndani yako." Akaendelea kuchambua mchele.

Sasa Jumamosi namsaidia Sensei na darasa la watoto. Miezi michache iliyopita, siku mbili kabla ya mtihani wa mikanda, kijana wa miaka 11 alinijia na kidole kimefungwa kitambaa. Kilikuwa kimefura. Alikuwa amejikaza uso vile watoto hujikaza. Akaniambia, "Mimi naweza kupigana tu, Senpai. Si kuna yule Mjapani alipigana mkono umevunjika?"

Manze. Stori ilikuwa bado inatembea.

Ningeweza kumwambia akae nje, na labda ningekuwa sahihi. Lakini nilikumbuka yule mama kutoka Iwate, nikamuuliza kijana swali lake: umebakiwa na nini? Akaanza kuhesabu. Mkono wa kushoto. Miguu miwili. Nikamwambia na mdomo je? Akacheka. Hatukumpeleka kwa kumite. Sensei alikubali afanye mtihani wake mwezi uliofuata, na mama yake akampeleka hospitali akapigwa eksirei jioni hiyohiyo. Ulikuwa ni ufa mdogo.

Ila Jumamosi ile hakurudi nyumbani. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, kidole kikiwa hewani kama bendera, na nikampa kazi ya kuhesabu. Watoto 19 walifanya Heian Shodan kwa sauti yake. Alianza kwa aibu. Alipofika ya tisa, pale pa kupiga kelele, alipiga kelele mpaka kwaya ya upande wa pili ikanyamaza. Alipomaliza, aliwaangalia wenzake, akaona mmoja kisigino chake kiko juu, akaenda kumwonyesha.